Pepeta Iliyopoa Kwenye Ungo

Hapo zamani.

Nimesema maneno mawili tu, na wewe Mtoro umeshabetua mdomo. Urudishe mahali pake. Hadithi haijaanza umeshaikataa? Najua na pale utakaponikatiza. Utanikatiza nitakaposema kulikuwa na watu wenye njaa waliosimama mbele ya chakula wakashindwa kula. Utasema bibi anatunga. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na kutunga sikufundishwa. Nilifundishwa kusoma, kuandika, na kunyamaza mtu mzima anapozungumza. Wewe umesoma kunipita, ila hilo la tatu nadhani siku hiyo hukwenda.

Mmekuja kundi zima, mmenijazia mkeka, mnataka nitaje jina la kuandikwa kwenye ukuta wa ghala jipya. Nani alikiokoa kijiji mafuriko ya mwaka huu. Mmoja kanieleza habari za mtumbwi wake, mwingine za kamba zake, mwingine za uji aliowapikia watu shuleni. Nimewasikiliza wote mpaka miguu imekufa ganzi. Sasa na nyie nisikilizeni. Pepeta iko pale kwenye ungo, nimeifunika. Hakuna wa kuigusa mpaka nimalize. Mtoro, mkono.

Hapo zamani, basi, palikuwa na kijiji bondeni, kando ya mto huu huu. Watu wake walikuwa kama sisi. Mafuriko hawakuyaogopa, waliyangoja. Maji yakichelewa walinung'unika, kwa sababu maji ndiyo yanayoleta tope jeusi, na tope jeusi ndilo linaloleta mpunga. Mtu wa mlimani akiona mto umevuka ukingo anakimbia. Mtu wa bondeni anapandisha kuku darini, anabeba jiko, anapanda kwenye dungu lake, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia shamba, anakaa huko juu anavua samaki mpaka maji yarudi. Ndivyo walivyokuta wazazi wao wakifanya, na mwaka mmoja ndivyo walivyokosea.

Na walikuwa na desturi yao ya pepeta. Mpunga ukianza kukomaa, ungali na ubichi kidogo, unakatwa kiasi, unakaangwa chunguni, unatwangwa ungali moto mpaka punje zinalala bapa, halafu unapepetwa. Hiyo mnaijua, mmeikodolea macho tangu mwingie. Msilolijua ni kwamba kijiji kile hakikugusa mpunga mpya mpaka konzi ya kwanza ya pepeta iliwe na mtu mmoja. Mtu ambaye mwaka ule ulikuwa wake.

Aliyetwanga alikuwa Bi Nyamwi. Akishapepeta, ananyanyua ungo, anauliza, "Mwaka huu ni wa nani?" Watu wanajibu. Mwaka mmoja ulikuwa wa kijana aliyekesha akifukuza viboko. Mwaka mwingine wa mwanamke aliyewalimia wagonjwa mashamba yao. Anayetajwa anasogea, anachota konzi, anatafuna watu wote wakimtazama, vigelegele vinapigwa, kila mtu anakwenda kuvuna. Kabla ya hapo, hata punje. Mtoto akikutwa shambani anatafuna suke, anapigwa yeye, na mama yake anasemwa mpaka msimu unakwisha.

Bi Nyamwi mwenyewe alikuwa mkunga. Hakuzaa, lakini hakuna kichwa kijijini pale ambacho hakikupita mikononi mwake. Na alikuwa na mdomo. Ukijifanya mkubwa mbele yake alikukumbusha mbele ya watu kwamba ulitoka umetanguliza matako. Mali yake ilikuwa mbuzi mmoja, kinu kimoja na mchi wake. Ndugu yake wa damu alikuwa mmoja, Zena, binti wa kaka yake, naye ameolewa mlimani.

Mwaka ninaousema, maji yalikuja yakasahau kusimama. Yalifika vizingitini, watu wakacheka. Yalifika vitandani, watu wakapanda madunguni. Yalifika kwenye sakafu za madungu, na hapo wa kucheka akakosekana. Madungu yakaanza kulala, moja baada ya jingine, kama walevi. Likabaki moja.

Lilikuwa la Mkwinda. Huyu Mkwinda alipolijenga alichekwa. Alikwenda msituni kutafuta magogo magumu, akayachimbia chini kuliko mtu anavyochimbiwa kaburi, akalinyanyua juu kupita yote. Wakamuuliza kama anataka kusikia mazungumzo ya malaika. Mke wake alikaa mwezi mzima akinung'unika kwamba kila akitaka maji ni kupanda na kushuka kama tumbili. Sasa wale wote waliocheka wakawa wanalililia dungu lile.

Walifikaje huko juu? Aliwapeleka Ungando. Ungando jembe lilikuwa haliipendi mikono yake, lakini mtumbwi aliujua. Alipita juu ya mapaa, alipita kwenye matawi ya mikuyu, akawaokota watu kama mtu anavyookota embe zilizoanguka. Huyu mpandishe, huyu mpandishe. Bi Nyamwi naye alitolewa juu ya paa la jiko, anatukana njia nzima kwamba mtumbwi unavuja.

Wa mwisho kutolewa alikuwa Somoe, mjane, na watoto wake, na kilindo. Kilindo chake kilikuwa pipa kubwa la gome la mti, na ndani ndimo ilimokuwa mbegu ya mpunga ya kijiji kizima. Siku zile mbegu iliwekwa kwa mtu mmoja mwenye mkono mgumu, na mkono wa Somoe ulikuwa mgumu. Ukimwomba chumvi anakuuliza kwanza unapika nini. Ungando akamwambia aache kilindo, mtumbwi ni mdogo. Somoe akasema basi na yeye haendi. Wakakipandisha kwa kusukumana na kutukanana.

Watu wakawa juu. Maji yakawa chini, yanapanda. Na mguu mmoja wa dungu ukalia.

Mkwinda aliujua ule mlio, kwa sababu mguu ni wa kwake. Akasema, "Dungu limezidiwa." Watu wakatupa mikeka. Wakatupa vyungu. Wakatupa majembe, wakatupa jiwe la kusagia, wakatupa hata kuku, na mwenye kuku analia. Mguu ukalia tena. Mkwinda akasema tena, "Bado limezidiwa," na aliposema hivyo alikuwa anatazama paa.

Hapo macho yote yakahamia kwenye kilindo. Somoe hakubishana. Alikaa juu yake, akakunja kanga yake vizuri, akawaambia, "Kitupeni. Hamtakufa leo. Mtakufa polepole, mkiangalia tope jeusi lisilo na cha kupandwa."

Na ilikuwa kweli. Huo ndio ubaya wa maneno yale, yalikuwa kweli.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kilindo kile uzito wake ulikuwa wa mtu. Si mtu mnene. Mtu mzee, mkavu, aliyebaki mifupa na mdomo. Hakuna aliyelisema hilo. Hakuna aliyekuwa na haja ya kulisema.

Bi Nyamwi akasimama. Akajifunga kanga kiunoni kama anayekwenda kuzalisha, akasema mbuzi wake kamwacha juu ya kichuguu, anakwenda kumwangalia. "Ungando, mwanangu," akasema, "nipeleke mara moja."

Kichuguu kilikuwa mbali kidogo na dungu, kimetoa kichwa tu majini. Kuna mtoto wa bondeni asiyekijua kichuguu? Nyoka wote wa mafuriko wanakimbilia hapo. Na chenyewe kinakunywa maji taratibu, kinalainika kwa chini, juu unaona kizima, halafu kinakwenda mara moja. Mtoto anayeanza kutembea anaambiwa, ukikimbia maji usipande kichuguu. Watu wazima wote waliokuwa juu ya dungu walilijua hilo. Lakini ghafla kila mtu akawa na kazi. Huyu anamfuta mtoto kamasi. Huyu anakaza kamba ambayo haijalegea. Mwanamke mmoja, na mpaka leo haijulikani ni yupi, akasema, "Usikawie, Bi Nyamwi."

Usikawie.

Ungando akampeleka. Akarudi peke yake. Na mguu wa dungu ukaacha kulia.

Asubuhi kichuguu hakikuwapo. Watu waliotaka kutazama upande ule walitazama mwingine. Mmoja akasema, "Maji yamemchukua Bi Nyamwi." Wakaitikia wote, wakashukuru kwamba neno limepatikana. Likawa ndilo hilo. Maji yalipopungua wakatuma salamu mlimani kwa Zena kwamba maji yamemchukua shangazi yako. Zena ndio kwanza alikuwa amejifungua, hawezi kushuka. Akaweka matanga huko huko, bila maiti, bila kaburi.

Maji yakarudi mtoni. Na nataka mjue kwamba watu wale waliinuka. Waliinuka vizuri. Mkwinda aliezeka nyumba za wengine kabla ya yake. Ungando alivua, akagawa samaki mlango kwa mlango, hakutaka hata ahsante. Wanawake walichimba mizizi ya yungiyungi wakapika, wakala pamoja. Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na mwizi. Walikuwa na adabu mno. Ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Mnauliza ubaya uko wapi? Njia ya kwenda mtoni, iliyokuwa ikipita penye kichuguu, ilihama. Hakuna aliyeamuru. Majani yakaota kwenye ile ya zamani, na watu wakawa wanazunguka na ndoo zao kichwani, mwendo mrefu, wakizungumza habari za hali ya hewa.

Kilindo kikakaa kwa Somoe. Njaa ilipobana, watoto wa watu walilia, na wa kwake walilia. Kitindamimba wake alivimba miguu. Jirani alimwambia akaange konzi moja tu kwa ajili ya mtoto, nani atajua. Somoe akasema, "Mimi nitajua." Mvua za vuli zilipoanza akafungua kilindo mbele ya watu, akamgawia kila mwenye jembe, na mwenye kilema akamgawia na kumpandia. Mpunga ukaota kwa hasira. Wazee wakasema hawajauona wa namna ile.

Basi ukaanza kukomaa. Na hapo ndipo walipokumbuka kwamba wa kutwanga pepeta hayupo.

Kinu cha Bi Nyamwi walikikuta kimenasa kwenye mti, mchi wake ulichimbuliwa kwenye tope. Vilikuwapo. Lakini kila mwanamke aliyeambiwa ashike mchi, mkono ulimuuma. Huyu bega, huyu kiwiko. Kijiji kizima cha wanawake wenye afya, mikono imekufa siku moja. Mwishowe wakasema aitwe Zena, yeye ndiye damu yake.

Zena akashuka, mtoto mgongoni. Hakuuliza sana. Aliona kinu cha shangazi yake akakishika kidogo, akakaanga, akatwanga, akapepeta. Watu wote wamekaa, matumbo yamewashika, harufu ile mnaijua. Akanyanyua ungo kama alivyomwona shangazi yake akifanya tangu utoto wake. Akauliza, "Mwaka huu ni wa nani?"

Akasimama Mkwinda. Akasema mwaka ni wake. Akawakumbusha walivyomcheka. Akasema dungu la nani lilisimama? Bila dungu, mbegu ingekaa wapi, na watu wangekaa wapi? "Wote waliopanda dungu langu," akasema, "lilikuwa likiwabeba wote, na halikuanguka." Watu wakaitikia kwamba kweli.

Akasimama Ungando. Akasema dungu halina mikono. Halikumfuata mtu juu ya paa. "Mimi ndiye niliyewafuata. Nyumba kwa nyumba, tawi kwa tawi. Hakuna niliyemwacha majini." Watu wakaitikia kwamba kweli.

Akasimama Somoe. Akasema dungu lingebeba watu, na mtumbwi ungepeleka watu, na watu hao wangekuwa maiti kabla ya vuli. "Mlinitazama kwa macho mabaya siku ile, na mimi nikakaa juu ya mbegu. Mwanangu kavimba miguu mbegu ikiwa uvunguni. Mnachonusa hapa ni mimi." Watu wakaitikia kwamba hilo nalo kweli.

Wakaanza kubishana. Mmoja anasema dungu, mmoja anasema mtumbwi, mmoja anasema mbegu. Kelele za furaha, kama za kwenu hapa leo mchana. Mtu mmoja alishaanza kucheza.

Zena akaushusha ungo mpaka kifuani. Halafu akasema, na hakupaza sauti, "Nisaidieni, mie nilikuwa mlimani. Mjomba Mkwinda, umesema dungu liliwabeba wote. Kaka Ungando, umesema hakuna uliyemwacha majini. Dada Somoe umekaa juu ya mbegu, watu wako mbele yako wanakutazama. Basi maji yalimkuta wapi shangazi yangu?"

Aliyekuwa anacheza akakaa.

Mtoto wa Zena akalia, akanyonyeshwa, akanyamaza, na hakuna aliyekuwa amejibu.

Mkwinda ndiye aliyeanza, akizungumza na vidole vya miguu yake. Akasema alisema dungu limezidiwa. Akasema alikuwa na haki ya kusema, mguu ulikuwa unalia. Akasema hakumtaja mtu ashuke.

"Ulikuwa unamtazama nani uliposema?" Zena akamuuliza.

"Nilitazama paa."

"Paa ndilo lililozidi uzito?"

Mkwinda akakaa chini. Mtu mzima, mikono ile iliyochimbia magogo, akaiweka mapajani kama ya kuazima.

Somoe hakungoja kuulizwa. Akasema yeye alikaa juu ya kilindo, na alimwona Bi Nyamwi anasimama, na alijua anakwenda wapi. Akasema angeweza kuinuka akasema chukueni hiki, rudi ukae mama. "Sikuinuka," akasema. "Ningeinuka, Zena, leo ungetwanga nini? Nilijiuliza hilo mwaka mzima. Jibu ninalo, na halinisaidii."

Akabaki Ungando. Akasema mbuzi hakuwapo juu ya kichuguu. Alimwona kwa macho yake asubuhi ya siku ile ile, anapita na maji, tumbo juu. Alijua, na bado akapiga kafi. Akasema alipomshusha alimwahidi atamfuata. Bi Nyamwi akamwambia, "Usinifuate. Ukinirudisha watalazimika kuchagua tena, na safari hii watalazimika kusema." Halafu akamtukana kwa ajili ya mtumbwi kuvuja, kama kawaida yake, akamgeuzia mgongo.

Zena akauliza maneno hayo nani mwingine aliyasikia.

"Hakuna," Ungando akasema. "Mimi na yeye. Zena, ninaapa aliyasema. Lakini hata kama asingeyasema, sijui kama ningerudi. Kila nikilala najiuliza nilimtii yeye au nilijitii mwenyewe."

Wengine waliobaki walikuwa wanajikunyata nyuma ya migongo ya hawa watatu, wamefurahi kidogo kwamba watatu wamepatikana. Zena akawaona. Akauliza ni nani kati yao aliyesema kwamba shangazi asikawie, maana neno hilo lilifika mlimani kwa tetesi. Hakuna aliyeinua mkono. Kila mwanamke alidhani sauti ile ilikuwa ya mwenzake, na kila mmoja alikuwa na shaka kwamba ilikuwa yake.

Pepeta ikaanza kupoa.

Zena akanyanyua ungo tena. Mikono ilishamchoka, lakini kazi aliyoitiwa ni hiyo. Akauliza mara ya pili, "Mwaka huu ni wa nani?"

Mkwinda akasema si wake. Mpeni Ungando, yeye angalau alimpeleka, alikuwa naye mpaka mwisho. Ungando akasema si wake, yeye ndiye aliyemwacha. Mpeni Somoe, bila yeye hakuna wa kuuliza swali. Somoe akasema kila punje iliyoko kwenye ungo ule aliikalia siku ile mtu akishuka mbele ya macho yake. "Ikifika kooni haitapita," akasema. "Mpeni Mkwinda."

Kwa hiyo wale waliokuwa wanagombania konzi sasa wakawa wanasukumiana.

Ndiyo, Mtoro, nilijua. Unauliza kwa nini wasile tu. Mpunga ni wa kwao, tumbo ni la kwao, Bi Nyamwi kashakufa, nani atawazuia. Hakuna wa kuwazuia, mwanangu. Ungekuwepo ungenyoosha mkono wewe? Mbele ya watu wote wale wanaojua, na wewe unajua? Haya. Nyamaza basi.

Na usidhani walikuwa na siku nyingi za kufikiri. Ndege wa mpunga walikwishashuka, wanavuna bila kuuliza mwaka ni wa nani. Viboko wanapanda ukingoni kila giza likiingia. Na watoto walikuwa pale, miguu imevimba, wanautazama ungo. Hawakuelewa wakubwa wana nini.

Mtu mmoja akashauri konzi ya kwanza itupwe mtoni, iwe ya Bi Nyamwi. Wengi wakalipenda hilo upesi upesi. Somoe akasema mto ulikwishapewa, na mwenzao alipokuwa anapewa mto hakuna aliyefungua mdomo upesi hivyo. Mwingine akasema basi alishwe mtoto mdogo, mtoto hana kosa. Zena akamuuliza kama anataka kumlisha mtoto aibu ya wakubwa ili wakubwa wapate kula. Yule mtu akarudi nyuma ya migongo ya wenzake.

Ndipo wote, kama walioambizana, wakamgeukia Zena. Wakapiga magoti, na Mkwinda akapiga, na Somoe ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti akapiga. Wakamwambia ale yeye. Ndiye damu yake. Konzi ya shangazi yake ni yake. Akila yeye, watoto watakula.

Zena akawatazama. Mtoto wake ameshalala mgongoni, shingo imelegea. Akawaambia:

"Nikila, nimesema yamekwisha, na hayajaisha. Mnanitaka nitafune mbele yenu mpige vigelegele, mwende kuvuna, na ile njia yenu ya kuzunguka iendelee kuzunguka. Nisipokula, hawa watoto watalala njaa, nami nitakuwa nimekaa juu ya chakula namtazama mtu anazama. Kama nyie. Mmenipandisha na mimi dunguni."

Akautazama ungo. Pepeta ilikuwa imeshapoa, imekuwa ngumu kama kucha. Akauliza mara ya tatu, na desturi yao haikuwa na mara ya nne.

"Mwaka huu ni wa nani?"

Hapo ndipo hadithi ilipofika. Msinitolee macho. Kuna waliosema Zena alikula akatapika. Kuna waliosema Somoe alisimama, akachota, akameza bila kutafuna, na tangu siku ile hakumwangalia mtu usoni. Kuna waliosema hakuna aliyekula, na ndiyo maana bondeni kule leo kuna matete tu. Kila mmoja anasema linalomrahisishia kulala. Mimi sikuwepo.

Ila mfikirie. Aliyelijenga dungu ndiye aliyesema limezidiwa. Aliyewaokota wote ndiye aliyempeleka mmoja. Aliyeihifadhi mbegu ndiye ambaye hakuinuka. Aliyekuwa hana kosa aliambiwa achague kati ya kuwasamehe na kuwaua watoto. Na yule aliyeshuka mwenyewe, msimsahau. Alishuka kwa kupenda, au alishuka kwa sababu alisoma macho ya watu aliowapokea wakiwa na damu na kamasi, akaona wameshaamua, akawapunguzia kazi ya kusema?

Haya, funueni ungo. Nimeitwanga leo leo, bado ina moto. Ni yenu.

Mmenieleza habari za mafuriko ya mwaka huu, tangu mchana mpaka jua limepinda. Mitumbwi yenu, kamba zenu, uji wenu. Kila mtu kasema hakuna aliyeachwa. Nimesikiliza kwa masikio yote mawili, na hakuna hata mmoja wenu aliyenitajia Pazi. Pazi kiwete, mwenye nyumba ile ya chini kabisa, penye mianzi. Nauliza tu. Kitanda chake nimekiona jana mmekianika juani, na mtu kasema ni kizuri, kikikauka kitafaa ghalani.

Basi mkishajua ni jina la nani liandikwe ukutani, huyo ndiye aanze. Achote konzi ya kwanza, atafune, wenzake wamtazame. Asipopatikana, msile.

Je, nani alistahili?

Msinijibu mimi. Jibizaneni wenyewe, mtazamane usoni, paa la nyumba yangu halina cha kutazamwa. Mtoro, nipishe mguu wako. Nakwenda kukaa uani, na mlango huu naufunga.